Taasisi Iliyogawanywa na Mto

Mwaka 2027 itakuwa imetimia miaka 80 tangu Ubelgiji ianzishe taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kifaransa, IRSAC. Si rahisi kumtaja mwenye haki ya kuiandalia sherehe, kwani mirathi yake iligawanywa zamani. Makao makuu yalikuwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kwenye miteremko inayotazama Ziwa Kivu. Kituo chake cha elimu ya jamii kilikuwa Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare na sasa Huye. Msafiri aliyetoka kituo kimoja kwenda kingine alishuka Bukavu, akavuka mto Rusizi, akapita Cyangugu, kisha akaukabili msitu wa Nyungwe. Cyangugu yenyewe haikupewa maabara, maktaba wala ofisi. Ilikuwa njia tu. Hata hivyo, anayetaka kujua taasisi hii ilifanikiwa nini na ilikosea wapi katika kuchunguza mabadiliko ya jamii, uhamaji na mapito ya kisiasa, atapata jibu lililo wazi zaidi hapo njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba utafiti wa jamii ya Rwanda ulikomaa pale ulipoacha kuitazama nchi kutoka ikulu ya mfalme huko Nyanza na kuanza kuitazama kutoka Kinyaga, yaani kona ya kusini-magharibi ambayo leo ni wilaya za Rusizi na Nyamasheke.

IRSAC ilizaliwa 1947, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili. Ruanda-Urundi ilikuwa imewekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na dola la kikoloni lililojua kwamba siku moja litaulizwa lilifanya nini lilihitaji kuonekana linajenga elimu. Mkurugenzi wa kwanza, Louis van den Berghe, alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya nchi za joto, na mkono wake unaonekana katika mpangilio mzima: vimelea, volkano, wanyama, samaki wa Tanganyika katika kituo cha Uvira. Elimu ya jamii ilikuwa mtoto wa kando. Pengine ndiyo sababu kituo cha Astrida kilipata uhuru fulani wa kufikiri. Kwa kuwa wakubwa wa Lwiro walishughulikia zaidi mbu na mitetemeko ya ardhi, watafiti wachache wa Astrida waliachiwa nchi nzima waizungumzie watakavyo.

Aliyeizungumzia kwanza kwa sauti kubwa ni Jacques Maquet, mkuu wa kituo hicho katika miaka ya 1950. Kitabu chake cha 1954 juu ya mahusiano ya kijamii katika Rwanda ya kale, kilichotolewa kwa Kiingereza 1961, kilipendekeza maelezo mepesi kushika na mazito kuondoa: kwamba Rwanda ilisimama juu ya imani ya watu wote kuwa binadamu hawakuzaliwa sawa, na kwamba ubuhake, yaani mkataba wa mteja na bwana wake uliofungwa kwa ng'ombe, ndio ulioshikilia jengo zima. Bwana hulinda, mteja hutumikia, na kila mmoja huridhika na nafasi yake. Filamu ya Luc de Heusch ya 1955 iliipa nadharia hiyo sura na mwendo, ikiionesha nchi kama ukabaila wa wafugaji. Ulikuwa mchoro mzuri. Kasoro yake ni kwamba wachoraji wake walikuwa wameegemea mno watu waliokuwa na kila sababu ya kuupenda. Maquet alitegemea zaidi watoa habari wa Kitutsi waliojua mambo ya utawala, na alichouliza kwa kweli ni namna watawala walivyouelewa utawala wao. Mtu akitaka kujua masharti ya mkopo asimuulize mkopeshaji peke yake.

Hapo ndipo wengi wanaponuna na kusema taasisi ya namna hii haina cha kuadhimishwa: ilizaliwa na mkoloni, ikala mezani kwake, ikampa maneno ya kuhalalisha kadi za vitambulisho na machifu aliowateua. Shutuma hiyo ina uzito. Vitambulisho vya kikabila vilikwisha kuwapo tangu miaka ya 1930, kwa hiyo Maquet hakuvibuni, lakini kitabu chake kilivipa heshima ya kisomi. Hata hivyo shutuma inasahau jambo moja. Waliompinga Maquet mapema na kwa ushahidi walitoka kwa sehemu kubwa katika chumba kilekile. Helen Codere, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwaacha watu waeleze maisha yao wenyewe, na kitabu chake cha 1973 kimejengwa juu ya tawasifu 48 za Wanyarwanda. Tayari 1962 alikuwa ameandika kwamba utawala ule haukusimama kwa ridhaa bali kwa nguvu, na kwamba aliyetulia chini ya bwana alitulia kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Marcel d'Hertefelt naye alifuatilia koo kubwa za nchi, na katika kitabu chake cha 1971 alionesha jinsi koo hizohizo zilivyowajumuisha Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Ukweli huo kila mkulima aliujua. Nadharia ya tabaka zilizofungwa haikuwa na mahali pa kuuweka.

Mwingine ni Jan Vansina, aliyeongoza kituo cha Astrida kati ya 1957 na 1960. Alituma watu kukusanya ibitekerezo, masimulizi ya kihistoria, katika sehemu nyingi za nchi badala ya kutosheka na yale yaliyotunzwa na wataalamu wa ikulu. Kazi hiyo ilifanywa wakati ardhi ikitikisika. Ilani ya Wahutu ilitolewa Machi 1957. Mfalme Mutara Rudahigwa alifia Bujumbura Julai 1959, na Novemba ya mwaka huo nyumba zilichomwa na watu wakaanza kuvuka mipaka. Katikati ya 1960 ulifanyika uchaguzi wa halmashauri za komuni, ambapo chama cha Parmehutu kilizoa zaidi ya theluthi mbili ya viti. Septemba 1961 ikafuata kura ya maoni iliyouondoa ufalme, ile Wanyarwanda waliyoiita kamarampaka. (Uwanja wa michezo wa Rusizi bado unaitwa hivyo.) D'Hertefelt aliandika mwaka uleule wa 1960 juu ya uchaguzi wa komuni na suala la mwafaka wa kisiasa, na makala hayo ni miongoni mwa tafiti za mwanzo za mapito ya kidemokrasia katika eneo la Maziwa Makuu, yaliyoandikwa wino wa kura ukiwa haujakauka. Swali alilolishika bado liko nasi: kura ikionesha nani ni wengi, je, imeonesha pia kwamba watu wamekubaliana namna ya kuishi pamoja?

Kisha mto ukawa mpaka wa kweli. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, Rwanda 1 Julai 1962, na taasisi iliyokuwa mwili mmoja ikajikuta na mguu kila upande wa Rusizi. Lwiro ilibaki Kongo, ikabadilishwa majina mara kadhaa, na leo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Upande wa Rwanda, kituo cha Astrida kiligeuzwa 1964 kuwa taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi, INRS, jirani na chuo kikuu cha taifa kilichofunguliwa mjini humo 1963. Mara nyingi mgawanyo huu husimuliwa kama hasara. Ulikuwa hasara kweli kwa maktaba, kwa mishahara na kwa watu waliozoea kuzunguka pande zote mbili. Kwa elimu ya jamii, hata hivyo, ulileta faida ambayo hakuna aliyeipanga: INRS haikuwa tena tawi la taasisi kubwa ya bara, ikalazimika kuuliza maswali ya nchi moja, kilima kwa kilima. Wanyarwanda nao walianza kuonekana kwenye majalada na si katika shukrani tu. Thomas Kamanzi, aliyechapisha masimulizi ya kihistoria pamoja na André Coupez mwaka 1962, ni mfano unaojulikana. Wengi wa waliotafsiri, kunakili na kuongoza wageni vilimani hawakuwahi kuandikwa popote, na deni hilo maadhimisho yoyote ya haki yangelitaja kabla ya kutaja wakurugenzi.

Sasa tufike Kinyaga. Nchi hii iko kati ya ziwa, mto na msitu mkubwa wa Nyungwe uliokuwa ukiitenga na Rwanda ya kati. Kwa muda mrefu ikulu ilikuwa mbali, Bushi na kisiwa cha Ijwi vikiwa karibu. Wakazi wake walitoka kila upande: Nduga, Gisaka, Ndorwa, ng'ambo ya ziwa. Hapa uhamaji haukuwa tukio lililoivamia jamii iliyotulia, kwani jamii yenyewe ilifanywa na wahamiaji. Biashara ya ziwa inathibitisha hilo. Katika karne ya 19 vikuku vya nyuzi vilivyoitwa butega, vilivyosukwa na Watembo magharibi ya ziwa, vilisafiri hadi pwani ya mashariki vikabadilishwa kwa vyakula na mifugo, vikitumika kama fedha katika masoko ambayo hakuna mfalme aliyeyamiliki yote. David Newbury, aliyefanya utafiti Ijwi katika miaka ya 1970, ndiye aliyeweka wazi mtandao huo. Aliyezoea kuanza historia ya eneo hili na ramani ya 1910, pale mkataba wa Brussels ulipoikata nchi kwa kufuata ziwa na mto, hulazimika hapa kurudi nyuma aanze upya.

Dola la Rwanda liliingia Kinyaga kwa uzito chini ya Kigeri Rwabugiri, aliyefariki 1895, na aliyeitumia kama uwanja wa kuandalia vita vyake dhidi ya Ijwi na Bushi. Baada yake mambo yalifuatana haraka: majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliwashinda Wanyarwanda Shangi mwaka 1896, Wajerumani wakaweka kituo hapohapo 1898, kisha Wabelgiji wakaja na Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka mingi chifu mkubwa wa eneo alikuwa Rwagataraka, mtu aliyejua kutumia nguvu ya mzungu dhidi ya ikulu. Mfalme Yuhi Musinga alipovuliwa madaraka Novemba 1931 alihamishiwa Kamembe, humohumo Kinyaga, na alikaa huko hadi 1940 alipopelekwa Moba, Kongo. Mahali palipokuwa pembeni mwa ufalme pakawa jela ya mfalme. Yote haya yalitokea ndani ya maisha ya mtu mmoja. Huo ndio utajiri wa kitafiti wa Kinyaga: mwaka 1970 walikuwapo wazee walioweza kueleza dola lilivyofika kwao, kwa majina ya vilima na ya watoza ushuru.

Aliyewauliza ni Catharine Newbury, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi Kinyaga 1970 na 1971 kwa ushirikiano na INRS. Kitabu chake kilichotoka 1988, kinachohusu uteja na ukabila Rwanda kati ya 1860 na 1960, kinapindua karibu kila nguzo ya Maquet bila kupandisha sauti. Ubuhake, aliouona Maquet kuwa saruji ya jamii, Kinyaga ulikuwa haba kabla ya ukoloni na ulienea zaidi baadaye, machifu walipopata nguvu mpya na watu wakatafuta kinga. Kabla yake kulikuwa na umuheto, uhusiano uliofunga ukoo mzima na mkubwa wake na ambao katika hatua zake za mwanzo ulifanana zaidi na ushirika kuliko utumwa. Kilichochimba ufa kati ya Mhutu na Mtutsi ni uburetwa, kazi ya lazima kwa mkuu wa kilima aliyeshika ardhi, mzigo uliowaangukia Wahutu peke yao. Vansina alipoirudia historia nzima ya ufalme, katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa 2001, aliutaja uburetwa wa enzi za Rwabugiri kama chanzo kikuu cha mpasuko huo. Mtafiti aliyeanza na masimulizi ya nchi nzima na yule aliyeanza na vilima vya pembeni walikutana.

Sehemu ya pili ya matokeo ya Catharine Newbury inahusu uhamaji na demokrasia, na ndiyo ninayoiona kuwa haijasomwa vya kutosha. Kazi za lazima za kikoloni ziliwasukuma vijana wa Kinyaga kuvuka Rusizi kwenda kwenye mashamba makubwa ya Kivu na katika mji wa Bukavu, uliokuwa ukiitwa Costermansville. Huko walikuta mshahara wa fedha na bwana anayeweza kuachwa. Aliyerudi kilimani akiwa na fedha yake hakuona tena kwa nini amlimie chifu bure. Madai ya usawa yaliyosikika miaka ya 1950 hayakuteremka kutoka seminari na magazeti ya wasomi peke yake. Yalipanda pia kutoka kwa vibarua waliokwisha kuonja uhusiano mwingine wa kazi ng'ambo ya daraja. Maelezo haya yanavunja mazoea mawili: la kuieleza siasa ya 1959 kama kazi ya mapadri na viongozi wachache, na la kuuhesabu uhamaji kama matokeo ya siasa mbaya tu. Katika Kinyaga watu walihama kwanza, na uhamaji ukazaa siasa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni dhahiri: Kinyaga ni ya pekee, na jambo la pekee halithibitishi kanuni. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini katika miaka ileile Claudine Vidal alikuwa akiwashutumu wanaanthropolojia wenzake, katika makala ya 1969, kwa kumwabudu ng'ombe na kusahau ardhi, na alifanya kazi Rwanda ya kati, si mpakani. Pale ambapo sehemu tofauti zinatoa shaka ileile, upekee wa mojawapo hautoshi kuifuta. Tena Kinyaga haihitaji kuwa mfano wa nchi nzima. Inatosha kwamba mchakato ambao kwingine ulikwisha kuzikwa na vizazi vya desturi, hapa ulichelewa kiasi cha kukumbukwa na walio hai.

Pingamizi la pili lina makali zaidi. Wazee wa 1970 walizungumza chini ya Jamhuri ya Kwanza, serikali iliyojihalalisha kwa simulizi ya dhuluma ya Watutsi. Nani asingesema aliteswa, wakati kusema hivyo ndiko kulikolingana na redio? Hatari hiyo ipo, na msomaji wa leo anapaswa kukisoma kitabu akiwa nayo kichwani. Hata hivyo ushahidi wenyewe una kinga zake. Haukutoka upande mmoja, kwani Watutsi walihojiwa pia. Unahusu ng'ombe fulani, kilima fulani na chifu fulani, mambo yanayoweza kulinganishwa na faili za utawala. Zaidi ya yote, hitimisho lake halikuifurahisha itikadi ya siku zile. Simulizi ya Jamhuri ilihitaji Mtutsi mgeni na Mhutu mwenyeji, makundi mawili yaliyotengana tangu mwanzo. Kitabu kinasema makundi hayo yalibadilika maana kadiri dola lilivyokua, na kwamba Kinyaga karibu kila mtu alikuwa na babu aliyetoka kwingine. Ushuhuda uliopindwa na serikali usingeishia hapo.

Kuna la tatu, lisilojibika kwa hoja. Kitabu kilitoka 1988, na miaka 6 baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliifikia Cyangugu kwa ukatili wote. Watu walifungiwa katika uwanja wa Kamarampaka, wengine wakatolewa humo kuuawa, waliobaki wakapelekwa kambi ya Nyarushishi. Butare ilipoteza wasomi wake wengi. Agosti 1994, askari wa Ufaransa waliokuwa wameingia eneo hilo walipoondoka, umati ulivuka Rusizi kuingia Bukavu, wahalifu na wasio na hatia katika msafara mmoja. Elimu haikuzuia chochote. Anayedai kwamba ingeweza kuzuia anaibebesha mzigo usio wake, maana waliopanga mauaji hawakukosa habari. Lakini lawama moja inabaki mahali pake: maarifa yaliyotoka kwa wazee wa Kinyaga yalichapishwa New York kwa Kiingereza, wakati uwongo juu ya asili ya makabila ulisambazwa kwa Kinyarwanda.

INRS yenyewe ilikwisha kubadilishwa kabla ya hapo. Mwaka 1989 iligeuzwa IRST, taasisi ya sayansi na teknolojia, mwaka uleule makumbusho ya taifa yalipofunguliwa Butare. Mwaka 2013 nafasi ya IRST ikachukuliwa na NIRDA, wakala wa utafiti wa viwanda. Urithi wa lugha, nyaraka na makumbusho umekusanywa tangu 2020 chini ya Inteko y'Umuco. Uamuzi huo una mantiki ya kiutawala, kwa kuwa masimulizi ya kale hayafanani na utafiti wa viwanda. Kilichopotea katika mgawanyo wa pili ni ile kazi ya kuyasoma mambo ya leo kwa subira ya mwanahistoria, inayomfuata mtu mmoja kutoka kilimani hadi kazini na kurudi. Tafiti za siku hizi juu ya demokrasia na maridhiano zipo, nyingine nzuri, ila nyingi huja na dodoso la wiki mbili na hugota penye mpaka.

Nayo Rusizi inaendelea kutoa mambo ya kuchunguza. Kila asubuhi wachuuzi, wengi wao wanawake, huvuka kituo cha mpaka cha Rusizi ya Kwanza na vyakula kichwani kwenda kuuza Bukavu, na jioni hurudi kulala Kamembe. Takwimu za wahamiaji haziwaoni, kwa sababu hawajahama. Takwimu za biashara huwaona kwa shida, kwa kuwa mizigo yao ni midogo. Tangu Januari 2024 Burundi imefunga mpaka wake na Rwanda, na Bugarama, upande wa Rwanda wa mpaka huo, iliyozoea kutazama kusini, ikalazimika kugeuka. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na waliozoea kuvuka kwa biashara wakajikuta wanavuka kwa hesabu nyingine. Wanawake wa Kamembe waliokuwa wasichana 1994 leo wamepita umri wa miaka 40, na wakubwa wao wanazeeka. Wanajua kwa majina nani alivuka lini, kwa nini, na alirudi na nini. Mashine ya kurekodi na mtafiti anayesema Kinyarwanda, Mashi na Kiswahili vingetosha kuanza, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kongamano moja la maadhimisho.